Theluji ipimwe kwa mizani, si kwa rula

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara tatu barua ya msomaji mwenzangu wa Arusha mliyoichapa wiki iliyopita, ile inayosema kwamba theluji ni maji yaliyoganda tu, kwamba Wazungu wanaikuza habari yake, na kwamba nyumba iliyosimama imara bondeni itasimama imara popote mlimani ilimradi paa lake liwe na mwinamo mkali. Sijawahi kuandika gazetini maisha yangu yote. Safari hii nimeshika kalamu kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyaamini, nikajenga kwa kuyaamini, na nilichokijenga kikaanguka.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Nilibeba mizigo ya wageni mlimani miaka sita kabla sijajifunza useremala, na sasa huu ni mwaka wa kumi na tisa nafanya kazi ya mapaa huku mashariki mwa Uswisi, katika jimbo la Graubünden. Naishi Landquart, mji mdogo wa bondeni, mita 520 hivi juu ya usawa wa bahari. Kazi zetu nyingi ziko kando ya reli inayopanda kutoka hapo: kuna Küblis kwenye mita 800 na kitu, Klosters kwenye mita 1,200, halafu Davos kwenye mita 1,560. Treni nyekundu ya Reli ya Rhaetia inatufikisha Davos kwa saa moja na dakika chache. Ningependa ndugu yangu wa Arusha aipande treni hiyo na mimi asubuhi moja ya Januari. Tukiondoka Landquart mvua inanyesha na watu wamefungua miavuli. Tukifika Küblis matone yanaanza kuwa mazito na meupe, yanagonga kioo na kuteleza. Klosters ni theluji tupu. Davos hatuoni viti vya nje vya stesheni, tunaona vilima vidogo vyeupe mahali vilipo viti.

Ni wingu lile lile moja. Kilichobadilika ni kimo. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000, na kati ya Landquart na Davos kuna mita 1,000 na ushee. Kwa hiyo bondeni kukiwa na nyuzi 3 juu ya sifuri, Davos kuna nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri. Juu ya hilo, mlima wenyewe unalisukuma wingu kwenda juu, linapoa, linakamuliwa, na mara nyingi linamwaga zaidi kule juu kuliko bondeni.

Lakini hata hilo silo kubwa. Kubwa ni kwamba theluji ya bondeni haikai. Landquart ikianguka sentimeta 20 Jumatatu, huenda Ijumaa yote imeshaingia mtaroni. Davos iliyoanguka mwishoni mwa Novemba bado iko pale pale mwezi Machi, chini kabisa, imelaliwa na ya Desemba, ya Januari na ya Februari. Haba na haba hujaza kibaba, na huku kibaba ni paa la mtu. Paa la bondeni hubeba theluji ya dhoruba moja au mbili. Paa la juu hubeba majira mazima.

Waswisi wameliweka jambo hili kwenye kanuni ambayo hata mimi niliyeishia kidato cha nne naifanya kwa kalamu na karatasi. Imo katika kiwango namba 261 cha chama chao cha wahandisi na wasanifu majengo, SIA. Chukua kimo cha mahali kwa mita, gawanya kwa 350, jibu lizidishe kwa lenyewe, ongeza 1, kisha zidisha kwa 0.4. Unachopata ni kilonewtoni kwa kila mita ya mraba ya ardhi, na kilonewtoni moja ni uzito wa kilo 102. Kanuni inatumika hadi mita 2,000, na hairuhusiwi kushuka chini ya 0.9 hata ukiwa bondeni kabisa. Kuna ramani inayokwambia wapi uongeze au upunguze kimo kidogo kabla ya kupiga hesabu, maana yako mabonde ya ndani yaliyokingwa na milima pande zote yasiyopata theluji sawa na majirani zao. Nje ya masahihisho hayo, hesabu ndiyo hiyo.

Nimezoea kuigeuza kuwa mifuko ya simenti ya kilo 50, kwa sababu mfuko wa simenti kila mmoja wetu ameubeba. Landquart inatoka kilo 131 kwa mita ya mraba: mifuko miwili na nusu na ziada kidogo. Klosters inatoka kilo 520: mifuko kumi. Davos inatoka kilo 850: mifuko kumi na saba, juu ya eneo ambalo nyumbani ungetandika mkeka mdogo wa mtoto. Kimo kimeongezeka mara tatu na uzito umeongezeka zaidi ya mara sita. Hapo ndipo ndugu yangu wa Arusha alipopotea, na mimi nilipotea hapo hapo. Tunadhani ukipanda mara mbili, mzigo nao unaongezeka mara mbili. La hasha. Kimo kinajizidisha chenyewe.

Sasa niseme lililonipata.

Katika miaka yangu ya mwanzo nilimjengea mtu wa Landquart banda la gari, mita 3 kwa 6, la mbao tupu. Lilitoka zuri. Jamaa wa mteja yule, anayeishi kwenye kitongoji cha juu, mita kama 1,450, akaliona akaniomba nimjengee mfano wake. Lilikuwa banda dogo, kazi ya Jumamosi mbili, mimi na rafiki yangu, wala hatukumwonyesha mhandisi. Nikatumia mchoro ule ule, mbao za vipimo vile vile, nguzo zile zile. Niliongeza kitu kimoja tu, mwinamo wa paa, nikaupandisha kidogo, nikaona nimemaliza.

Paa la namna ile huhesabiwa kubeba asilimia 80 ya theluji ya ardhini, kwa hiyo mchoro wa Landquart ulikuwa umepigiwa hesabu ya mzigo wa paa zima usiofika tani 2, sawa na mifuko 38 ya simenti. Kwenye kimo cha kitongoji kile ulitakiwa kupigiwa hesabu ya tani 10 na nusu, mifuko zaidi ya 200. Sikupiga hesabu hiyo. Niliijua kanuni, nilikuwa nimeifanyia mtihani, lakini niliona ni mambo ya nyumba kubwa.

Mwishoni mwa Januari yule bwana alinipigia simu akasema kuna theluji ya mita moja na sentimeta 40 juu ya banda, je, apande akaipunguze? Nikamwambia asubiri, nitakuja. Kazi zikanibana, sikwenda. Februari akapiga tena, sauti yake ina furaha: theluji imeshuka, sasa haifiki hata mita moja. Na mimi nikafurahi pamoja naye. Wiki ya tatu ya Machi ikanyesha mvua usiku kucha, mvua juu ya theluji. Siku mbili baadaye, saa nane mchana, jua likiwaka na hakuna chembe mpya iliyoanguka wiki nzima, banda likakaa chini. Mtoto wao huweka baiskeli yake mle kila siku akirudi shule, saa kumi.

Nilipofika nilimkuta mzee wangu wa kazi, fundi mkuu aliyenifundisha, ameshatangulia. Nilikuwa nimempigia njiani. Hakunigombeza. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa paa lililolala, mkononi ana kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, kipenyo sentimeta 10, na mizani ya jikoni kwenye ndoo. Akanipa bomba akasema, ingiza. Nikalisukuma wima hadi likagusa mbao. Sentimeta 85. Tukaziba chini kwa bapa la mwiko, tukalitoa, tukamwaga kile kipande cha theluji kwenye ndoo. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa na rangi ya kijivu kama chumvi ya mawe iliyolowa, chembe zake kubwa kama punje za mtama, na kilikuwa na matabaka: ukanda wa barafu hapa, ukanda mlaini pale, na chini kabisa maji yanachuruzika. Mizani ikasoma kilo 2.7.

Akaandika kwa penseli ya seremala kwenye ubao uliovunjika. Mdomo wa bomba lile unaingia kwenye mita ya mraba mara 127. Zidisha: kilo 343 kwa kila mita ya mraba. Paa zima, zaidi ya tani 6. Akanitazama akaniambia maneno haya, nayatafsiri: theluji ikishuka haijaondoka, imekaa tu vizuri zaidi.

Hilo ndilo ninalotaka wasomaji walishike. Theluji mpya, ile inayopendeza kwenye picha, mita ya ujazo mmoja ina kilo 100 hivi. Ikikaa siku chache inajishindilia na kufika 200. Ikikaa wiki na miezi ni 250 hadi 350. Ikinywa maji ni 400 na zaidi. Yule bwana aliona kina kinapungua akatulia, na uzito ulikuwa unapanda siku zote hizo. Nilikiangalia kile kiguzo cha kati kilichoshindwa. Mbao ilikuwa nzima, haikuoza, haikuliwa na mdudu. Ilikuwa imechanika kwa nyuzi ndefu nyeupe kama muwa uliovunjwa gotini. Mbao haikukosea chochote. Ilibebeshwa mara tatu ya ilichoandikiwa, ikastahimili ilivyoweza. Na hata hivyo ule haukuwa mzigo kamili wa kimo kile. Kanuni inatazamia mzigo mkubwa zaidi, wa aina inayokuja kwa wastani mara moja katika miaka 50.

Nililijenga upya kwa gharama yangu, safari hii na karatasi ya mhandisi. Banda lipo hadi leo.

Sasa kuhusu paa kali. Ni kweli kwamba paa likiinama sana theluji huteleza. Kwenye hesabu, paa lenye mwinamo wa chini ya nyuzi 30 huchukuliwa kuwa linabeba asilimia 80 ya theluji ya ardhini. Kuanzia hapo mzigo hupungua kidogo kidogo hadi nyuzi 60, ambako huhesabiwa sifuri. Lakini ile theluji inayoteleza inakwenda wapi? Inaanguka mlangoni, juu ya gari, juu ya mama aliyebeba mtoto, juu ya paa dogo la jirani ambalo sasa litabeba mzigo wake na wa kaka yake mkubwa. Ndiyo maana mapaa mengi hufungwa vizuizi vya chuma ili isiteleze, na ukishafunga vizuizi huna haki tena ya kupunguza hesabu. Na Davos yenyewe, mji wa mifuko kumi na saba, una majengo mengi yenye mapaa bapa kabisa. Mara ya kwanza nilidhani ni wazimu. Kumbe wameamua theluji ibaki pale pale juu hadi masika, isimwangukie mtu barabarani, na maji yake yashuke kwa bomba lililopita ndani ya nyumba, penye joto, yasigande. Wamekubali kuubeba mzigo wote, wakajenga kwa kuubeba. Mimi naiona hiyo ni heshima kwa mlima.

Wapo watakaosema: mbona Kilimanjaro ni mrefu kuliko milima yote ya Ulaya ya Alps na hatujasikia kibanda kulaliwa na theluji? Swali zuri, na nililijibu kwa miguu yangu kabla sijalijua. Wapagazi wote wanajua kwamba mvua ya kutisha iko msituni, kabla ya Mandara, kituo cha kwanza cha kulala. Upande wa kusini, mlima hunyeshewa zaidi kwenye mita 2,000 na kitu. Ukipita Mandara, mita 2,720, unaanza kukauka. Horombo, mita 3,720, unakausha soksi. Kibo, mita 4,700, ni jangwa la vumbi na mawe. Tena kwetu hakuna miezi ya baridi mfululizo: theluji ikianguka usiku, jua la ikweta linaishughulikia asubuhi. Haipati nafasi ya kurundikana kwenye paa kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo kimo peke yake si mchawi. Kimo hufanya kazi pamoja na majira, upepo na upande wa mlima. Ndiyo maana kanuni ya Uswisi ni ya Uswisi, Ujerumani wana yao yenye kanda tatu, na huko Marekani ramani yao ya zamani ya theluji ilikuwa na sehemu kubwa za milimani zisizo na tarakimu, zimeandikwa tu kwamba mahali hapo pafanyiwe uchunguzi wake. Ndugu zetu Wakongo walioko Salt Lake City wanalijua hili: mji uko kwenye mita 1,300 hivi, na mwendo wa kilomita 50 tu unakufikisha Park City, mita 2,100, ambako majira ni mengine kabisa.

Nisiitwishe theluji lawama zisizo zake pia. Tarehe 2 Januari 2006, paa la ukumbi wa kuteleza kwenye barafu liliporomoka Bad Reichenhall, Ujerumani, wakafa watu 15, wengi wao watoto. Mji ule uko chini, kama mita 470, na theluji iliyokuwa juu ya paa haikuzidi kile paa lilichotakiwa kubeba. Gundi iliyounganisha boriti ilikuwa ya aina isiyovumilia unyevu, na ilikuwa imekaa kwenye unyevu zaidi ya miaka 30. Huwa nawaeleza vijana habari hii kila wanapoanza kazi kwetu, kwa sababu mzigo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kile kinachobeba.

Na hao vijana ndio walionifanya niandike barua ndefu hivi. Kila majira ya baridi nakutana na vijana wetu, Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo, waliopata kazi za msimu kwenye hoteli za milimani. Wameajiriwa kuosha vyombo au kutandika vitanda. Siku theluji ikizidi, wanapewa machepe na kuambiwa wapande juu. Hawana lugha ya kuuliza. Mwaka juzi nilimkuta kijana wa Kigoma juu ya paa la ghala, peke yake, bila kamba, anaisukuma theluji yote ya upande wa kulia kuirundika upande wa kushoto ili aimwage kwa mkupuo mmoja. Nilimwita kwa Kiswahili. Aliruka kwa mshtuko wa kusikia lugha yake, kisha akashuka polepole kwa ngazi.

Nilimwambia ninachowaambia wote. Usipande bila kamba iliyofungwa kwenye kitu kisichosogea. Uliza dirisha la paa liko wapi, maana likifunikwa hulioni, na kioo hakikubebi. Usirundike. Toa kwa mistari, kidogo kulia, kidogo kushoto, paa lisielemewe upande mmoja. Ukisikia mbao zinalia au milango ya chini imeanza kukwama, shuka na utoe watu ndani, kazi hiyo si yako tena. Akaniuliza mwanangu yule: nitajuaje ni nzito? Nikampa kipande changu cha bomba.

Mhariri, ombi langu kwako ni hili. Mnapochapa habari za mapaa kuanguka, ziwe za Uturuki, Japani au Marekani, msituandikie tu kwamba ilianguka theluji ya mita moja. Tuandikieni mahali hapo ni mita ngapi juu ya usawa wa bahari, theluji ilikuwa na umri gani, na kama ilinyeshewa. Hapo hata msomaji aliyeko Tanga ambaye hajawahi kuigusa ataweza kupiga hesabu yake kwa mifuko ya simenti.

Kama mtanipa nafasi ya mistari minne, kuanzia Desemba nitapima kila Jumapili sehemu tatu, Landquart, Klosters na Davos, kwa bomba lile lile na mizani ile ile, niwatumie kilo. Ndugu yangu wa Arusha nitamwomba azisome za kwanza hadi za mwisho, mpaka Aprili.

Wako,
Seremala wa mapaa, mzaliwa wa Marangu
Landquart, Uswisi